Miezi Niliyokuwa Farasi

Dada yangu ni fundi wa nguo pale Kabiro, Kawangware, na kwake farasi ni punda aliyepata pesa. Alinieleza hivyo siku niliyokwenda kumwomba ruhusa ya kumfundisha bintiye kushindana. Alikuwa amebana pini tatu mdomoni na bado akaweza kunitukana vizuri. Sisi tulikulia Kitui, na nyumbani kulikuwa na punda wa kuteka maji ambaye alimpiga dada teke la paja akiwa darasa la nne. Mpaka leo, akiona mkokoteni wa punda unakuja, dada huvuka barabara, hata kama ng'ambo ya pili ni matope matupu.

"Wewe uliamua kuishi na hao wanyama, sikukukataza," akaniambia. "Lakini huyu mtoto ana miguu miwili mizuri, na viatu vyake ni mimi nanunua."

Mimi ni saisi. Saisi ndiye anayeamka kabla ya farasi, akamlisha, akampiga brashi, akazoa mavi yake, akamfunga tandiko, kisha akasimama kando mtu mwingine apande. Kazi hiyo nimeifanya zaidi ya miaka ishirini katika mazizi yaliyo kando ya msitu, mwendo wa mguu kutoka chumba changu cha Kianda, Kibera. Nimewasikiliza walimu wa kupanda farasi wakiwafokea watoto wa watu, na kila mara nikajiambia moyoni kwamba mimi ningefundisha vizuri kuliko wao. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtu akikaa na ujuzi ambao hajaulizwa kwa miaka ishirini, unaanza kumwasha.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoanza kunifuata kazini wakati wa likizo. Alikuwa mtoto wa kunyamaza. Ukimsalimia "sasa" anatazama viatu vyake, ukimpa soda anashukuru kwa nyusi. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwa farasi mzee tuliyekuwa naye, na yule mzee akainamisha kichwa akakiweka kifuani pake.

"Anko, huyu ananijua," akasema.

"Anajua una karoti," nikamjibu.

Lakini nilishangaa, kwa sababu hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tutoke nyumbani.

Farasi huyo alikuwa amestaafishwa kutoka mbio za kweli kwa uvivu. Wakati ninaouzungumzia, kazi yake ilikuwa kubeba watoto kila Jumapili katika bustani moja ya familia, raundi baada ya raundi, mimi nikimwongoza kwa kamba. Kila mzazi alitaka picha. "Anko, simamisha hapo! Anko, rudi kidogo, jua linaniumiza!" Nilichoka kuvutana na farasi, nikamfundisha. Simu ikiinuliwa, anasimama, anainua shingo, anaelekeza masikio mbele. Picha ikishapigwa, anapata kipande cha karoti. Baada ya miaka kadhaa hakuhitaji hata kuambiwa. Wazazi walikuwa wakisema hawajawahi kuona farasi mwenye adabu kama huyo, nami nilikuwa nikivimba kichwa.

Mama mwenye mazizi huandaa siku ya michezo ya farasi kila likizo ya Agosti. Mwaka ule alitangaza mapema, mwezi wa tano, kwamba watoto wa wafanyakazi wanaweza kuingia mbio za mapipa. Mbio hizo ni rahisi kueleza na ngumu kukimbia. Mapipa matatu yanapangwa uwanjani kama mafiga, ila yameachana sana. Mpanda farasi analizunguka la kulia, kisha la kushoto, kisha lile la mbali, halafu anarudi mbio mpaka kwenye mstari alikoanzia. Mwamuzi anashika saa na kengele. Dakika mbili zikiisha hujarudi, kengele inalia na umetolewa.

Ndiyo maana nilikuwa nimesimama mbele ya cherehani ya dada yangu nikitukanwa. Alishona mshono mzima kabla ya kunijibu.

"Nitakuja nione na macho yangu," akasema mwishowe. "Akimaliza hiyo mizunguko yote, aendelee. Asipomaliza, hizo Jumamosi zake ni za hapa na mimi, tunashona vifungo. Na wewe hutaniletea tena habari ya farasi mpaka nizikwe."

Mtoto alikuwa pale pale, akitenganisha vifungo vya mashati ya shule, vyeupe huku, vya kijani kule. Alinisindikiza hadi barabarani, na hapo akanishika mkono wa shati.

"Anko, mimi sitaki kushona vifungo."

"Najua."

"Hapana, hujui. Shuleni mwalimu akiuliza swali, najua jibu, lakini mdomo unakataa. Nikiwa juu ya farasi, naongea. Hata kama ni upuzi, naongea tu, na anasikiza."

Nilitaka kumjibu kitu cha maana cha mtu mzima. Nikamwambia tuanze kesho.

Shida ni kwamba farasi tulipewa nusu saa tu, Jumamosi asubuhi. Siku nyingine, baada ya shule, tulikuwa na kiwanja cha vumbi hapo Kianda na mapipa matatu ya bluu ya jirani muuza maji, aliyetuazima kwa sharti kwamba yarudi kabla mfereji haujafunguliwa. Mapipa tulikuwa nayo, mpanda farasi tulikuwa naye. Kilichokosekana ni farasi, na mtu mzima pekee pale alikuwa mimi.

Nilijifunga kamba kifuani, ncha mbili nikampa yeye nyuma yangu kama hatamu, tukaanza kukimbia. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na goti moja bovu. Ukaidi wangu pia si haba. Nilikuwa nimekimbia nusu ya uwanja nilipokumbuka kumfundisha: "Vuta kulia! Taratibu! Kaa sawa!" Kamba ikakazwa ghafla.

"Anko, farasi haongei."

"Na kocha ataongea saa ngapi?"

"Tukifika."

Ikawa hivyo. Nikiwa farasi nilinyamaza, nikifika kwenye mstari nilikuwa kocha, nikaongea yote niliyoyalimbikiza njiani. Kosa lake kubwa lilikuwa moja: alilitazama pipa. Nilimwambia mara mia. "Ukilitazama pipa, farasi atakwenda kwenye pipa. Tazama pale unapotaka kutokea." Aliitikia kwa nyusi, akaendelea kulitazama pipa. Siku ya tatu niliamua kuwa farasi mkweli. Aliponielekeza kwenye pipa, nikaenda kwenye pipa. Nilianguka nalo, likaniponyoka, likateremka kiwanja chote hadi kwenye kibanda cha mama wa samaki, ambaye alinieleza mambo kuhusu umri wangu ambayo sikuyafurahia. Lakini tangu siku hiyo mtoto aliacha kulitazama pipa.

Jambo kama hilo haliwezi kufanyika Kianda bila watazamaji. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yangu fundi viatu, mtu wa Kakamega, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde hadi bonde.

"Kocha!" akapaza. "Huyo farasi wako anahema kama pikipiki ya mtumba!"

Kesho yake alikuja na stuli. Kesho kutwa akajipa cheo cha kocha msaidizi, akawa anatupimia muda kwa simu yake mpya, kubwa kama sahani. Wiki ya tatu, saa kumi na moja jioni ikifika, ploti yetu yote, wapangaji wa kila chumba, inamiminika kiwanjani. Watu waligawanyika. Wengine walisema mtoto ana kipaji, wengine walisema kipaji ni cha farasi. Nakiri kwamba hawa wa pili niliwapenda zaidi.

"Hiyo siku yenyewe tunakuja wote," fundi viatu akatangaza. "Na tutarekodi kila kitu. Hii ni historia ya Kianda."

Nilifurahi. Nilimshika mkono nikamshukuru kwa dhati. Mimi, niliyemfundisha farasi yule kwa karoti na subira mwaka baada ya mwaka, nilisikia neno "tutarekodi" na sikushtuka hata kidogo. Jumamosi asubuhi kule mazizini tulikuwa watatu tu, mtoto, farasi na mimi, na simu yangu ni ya kubonyeza, haipigi picha. Katika mazoezi yote mzee yule hakuwahi kusimama hata mara moja. Kwa hiyo nikasahau. Nimejaribu kutafuta maneno ya kulipamba kosa hilo na sijayapata.

Siku ikafika. Watu wa Kianda walikuja kwa miguu wakiwa wamevaa nguo za kanisani, si chini ya ishirini. Wazazi wa watoto wengine, waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, wakageuka kuangalia ni nani ameoa. Dada alitoka Kawangware peke yake, mkoba ameukumbatia kifuani, akasimama mbali na uzio kuliko mtu mwingine yeyote. Hakuwa ametusalimia vizuri. Lakini usiku uliotangulia alikuwa amemshonea mtoto suruali ya kupandia, kwa mabaki ya sare za shule, mguu mmoja kijani ya shule hii na mwingine kijani ya shule ile.

"Hata kama ataanguka," akaniambia, "haanguki na nguo mbovu."

Watoto sita walitangulia, juu ya farasi wanaong'aa, na wote walimaliza. Mmoja, msichana wa nywele za kusukwa, alipita kwa kasi hadi nikasahau kwamba ni mpinzani wetu, nikampigia makofi. Kisha mpwa wangu akaitwa.

Aliingia vizuri. Alilizunguka pipa la kulia kama tulivyofanya mimi na yeye mara mia tatu, na mwili wangu wote ukainama pamoja naye, hata lile goti. Alielekea la kushoto. Hapo nikasikia sauti ya fundi viatu nyuma yangu.

"Sasa! Rekodini!"

Mikono ishirini ikapaa. Mzee wetu akaona. Akasimama papo hapo, katikati ya uwanja, shingo juu, masikio mbele. Sijawahi kumwona akipendeza kama siku ile.

Moyo wangu ulianguka ukafika kwenye gambuti. Mtoto alimpiga visigino tumboni. Farasi hakutikisika. Alikuwa akifanya kazi yake kwa uaminifu, akisubiri picha iishe apewe karoti. Na watu wetu, Mungu awasamehe, wakadhani ni heshima wanayopewa.

"Anatupatia pozi!" fundi viatu akapiga kelele, na hata waliokuwa hawajatoa simu wakatoa.

"Simu chini!" nikapaza. "Teremsheni simu!" Lakini walikuwa wanashangilia sana, kiasi kwamba walidhani nami nashangilia. Mwamuzi alitazama saa yake, mkono mwingine ukaenda kwenye kengele.

Dada akanisogelea. "Huyo mnyama ana shida gani?"

"Amefundishwa. Akiona simu imeinuliwa, anasimama."

"Nani alimfundisha upuzi kama huo?"

Nikaendelea kupunga mikono watu washushe simu. Alinitazama jinsi ambavyo hutazama punda.

Kisha nikaona kwamba ameelewa. Hakuhitaji kufanya lolote. Angesimama tu pale na mkoba wake, na kengele ingelia, na Jumamosi zote za mtoto zingerudi Kabiro, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilimtazama nikamchukia kidogo, nasema ukweli, kwa sababu nilidhani najua atakalofanya.

Wakati huo sauti ikatoka uwanjani. Mtoto alikuwa ameinama juu ya shingo ya farasi, anaongea naye mbele ya watu wote wale, bila kunong'ona. "Twende, mzee! Si picha leo! Karoti nitakupa, naapa nitakupa, lakini twende kwanza! Twende!" Ilikuwa sauti kubwa, safi, yenye hasira kidogo, sauti ya mama yake kabisa. Dada aliisikia, na mdomo wake ukafunguka. Nadhani hakuwa ameisikia kwa miaka.

Alikwenda kwenye uzio kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Alianza na fundi viatu, akampiga kwa mkoba kwenye kiwiko, na ile simu kama sahani ikaangukia mavi.

"Teremsha! Na wewe, teremsha! Unafikiri hapa ni harusi? Mama, nimesema weka hiyo kitu chini! Wewe mzima hivyo hujui mtoto anafanya mtihani?"

Alipita uzio mzima. Mikono ilishuka mmoja baada ya mwingine mbele yake. Alipomaliza watu wetu, akahamia kwa wale wa viti vya kukunja, na bwana mmoja mwenye kamera shingoni akaificha chini ya kofia yake bila kuulizwa. Uwanja ukanyamaza.

Farasi akasubiri kidogo. Hakuna picha, hakuna karoti. Akashusha masikio kama mtu aliyenyimwa haki yake, akaondoka.

Pipa la pili walilizunguka kwa mbali, mduara mkubwa ajabu. La tatu wakalikaribia mno, na goti la mtoto likaligusa. Pipa likainama, likafikiri, likarudi mahali pake. Nilimwona mtoto akiinua uso. Hakulitazama pipa. Alitazama pale alipotaka kutokea, na mzee yule mvivu, aliyefukuzwa mbio za kweli, akakumbuka kwamba alizaliwa kukimbia. Walivuka mstari. Mwamuzi akaangalia saa, akaangalia tena, akaondoa mkono kwenye kengele. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili.

Alikuwa wa mwisho, kwa mbali sana. Watu wa Kianda walipiga makofi kwa nguvu zote, maana mikono yao sasa ilikuwa mitupu. Mimi nililia. Fundi viatu, akipangusa simu yake kwa majani, aliniuliza kama ni vumbi, nikamwambia si vumbi, nalia.

Nilimshika farasi, mtoto akateremka akiwa bado anaongea. Aliongea na farasi, na mimi, na msichana wa nywele za kusukwa aliyekuja kumpa mkono, na wote aliwaeleza upya ile kona ya tatu. Dada alikuja akasimama hatua nne kutoka kwa farasi. Hakumkumbatia mtoto. Alimwita, akaikagua suruali, akakuta imechanika gotini, akaingiza kidole kwenye tundu kuona kama ngozi iko sawa. Halafu akanivuta kando.

"Yule aliyekuwa wa kwanza," akasema, "alimshindia wapi mtoto wangu?"

"Dada, zile simu, ni makosa yangu, mimi ndiye..."

"Hiyo nimeona, na tutaiongea nyumbani. Nauliza bila simu. Bila simu, angemshindia wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kuniuliza.

"Kona," nikasema. "Yule anakata kona karibu na pipa. Wetu anakwenda mbali, anapoteza muda."

Alitazama uwanjani, kwenye yale mapipa matatu, jicho moja amelifinya kama anapima kitambaa.

"Basi mfundishe kona," akasema. "Vifungo nitashona mwenyewe."